Habari Iliyobaki Chini ya Kawa

Nizwa, 11 Februari 2024

Profesa Ulrike Behrendt,

Shikamoo. Nimelelewa na mtu asiyeruhusu neno lolote litangulie salamu, hata neno la hasira, kwa hiyo nimeanza na salamu. Sasa naomba ruhusa ya kukasirika.

Jina langu ni Shahad binti Qais. Ninasoma fizikia, mwaka wa mwisho, katika chuo cha hapa Nizwa, na wenzangu wananiita Mikrofoni. Mwaka jana niliwatoa wanafunzi wa kitivo chetu katika ukumbi wa chakula, tukaketi mlangoni mwa maabara hadi wakubwa wakakubali iwe wazi jioni. Nakueleza hayo si kwa kujisifu, bali ujue tangu mwanzo kwamba unaandikiwa na mtu ambaye kunyamaza hakumo katika mafunzo yake.

Mwezi uliopita nilikuwa nikisoma makala ya kundi lenu la Geneva, ile ya chembe mliyoitafuta miaka kumi na minane msiione. Katikati ya Kiingereza kikavu nikakuta sentensi isemayo kwamba data zote ziliwekwa chini ya kawa hadi siku ya mwisho. Kawa! Nikashuka kwenye tanbihi: neno la Kiswahili, kifuniko cha chakula kilichosukwa kwa ukindu, limeingizwa katika kundi na U. Behrendt. Nilicheka peke yangu hadi mtunza maktaba akanitoa nje. Profesa, nyumbani kwetu Ibra kuna kawa moja imetundikwa jikoni. Rangi zake zimepauka, na hakuna anayethubutu kuifunikia hata mkate.

Basi nikautafuta mhadhara wako wa kuaga kazi, ule uliorekodiwa. Ulisema pale mbele ya watu: "Kazi hii nilifundishwa na msichana wa Kikwajuni, Unguja, aliyeitwa Umkulthum. Sina habari zake."

Huna habari zake? Umkulthum ni bibi yangu, mama mzaa baba. Mwaka 1997, kama wanavyokumbuka nyumbani, uliketi katika majlisi yake, ukala halua yake, ukanywa kahawa yake, ukaondoka kabla vumbi la teksi yako halijatua. Nilipomtajia jina lako alisema, "Simjui," akaenda kukunja nguo zilizokuwa zimeshakunjwa. Je, hivyo ndivyo mtu anavyokunja nguo kwa ajili ya asiyemjua?

Nitakwambia ninavyoiona hadithi hii. Baba yako alikuja Unguja kujenga majumba ya ghorofa baada ya mapinduzi, wakati watu wetu wakifungasha mizigo au wakikatazwa kufungasha. Wewe ukachukua akili ya msichana wa uani, ukaipeleka Ulaya, ikakupa cheo, ofisi na makofi. Yeye akaletwa Oman na miaka kumi na saba, akaolewa katika mji wa mababu ambao hakuwahi kuuona, na hesabu zake zikaishia kwenye vipimo vya mchele. Kisha ukaja kumtazama, kama watalii wanavyokwenda Al Hamra kutazama nyumba za udongo, ukarudi zako!

Wala sikuandikii kwa ajili ya yaliyopita tu. Nimepata nafasi ya shahada ya uzamili Hamburg, katika idara uliyoiacha wewe. Baba anasema neno ni la Bibi. Na Bibi anasema: "Nenda Malaysia, nenda Uingereza, nenda hata mwezini. Ujerumani, la." Hatoi sababu. Natakiwa kujibu idara hiyo kabla ya Mei.

Mlango wangu umefungwa na ufunguo unao wewe. Ulifanya nini mle ndani? Nataka jibu, na lisiwe la adabu.

Shahad binti Qais


Hamburg, 19 Februari 2024

Shahad, mjukuu wa Umkulthum,

Marahaba. Tangu nilipoondoka Unguja mwaka 1969 hakuna aliyenigombeza kwa Kiswahili, na aliyekuwa akinigombeza wakati ule ni bibi yako. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa, nikaisoma tena. Lugha yangu ilikoma kukua nilipokuwa na miaka kumi na minne. Maneno ya watu wazima nimeyaokota baadaye katika kamusi. Nivumilie.

Kuhusu baba yangu, sina la kukupinga. Alitumwa kujenga, akajenga, na jioni alifunga madirisha ili yanayosemwa mtaani yasimfikie. Mimi nikatokea mlango wa nyuma. Huko nyuma ndiko alikokuwa Kulthum.

Alikuwa na mchezo wake. Anaweka kitu sakafuni, anakifunika kwa kawa ya mama yake, ananiita. Niliruhusiwa kugonga, kunusa, kusikiliza, kuisukuma kidogo kwa kidole. Lakini kabla ya kufunua ilinibidi niseme mambo mawili kwa sauti: chini mna nini, na nikiona jambo gani nitakubali kwamba nimekosea. Nikifunua kabla ya kusema, nimeshindwa, hata kama nilipatia. Hilo sharti la pili lilinitoa machozi mara nyingi. "Mtu akishaona hujidai alijua tangu zamani," alikuwa akiniambia. "Sema kwanza, shoga."

Nilirudi kwetu, Ujerumani ya Mashariki, nikasoma fizikia. Katika taasisi yetu tulikosa vifaa walivyokuwa navyo wenzetu wa magharibi. Tulikuwa na mikono. Nilijenga vigunduzi vya waya: fremu kubwa kama mlango, na ndani yake nyaya nyembamba kuliko unywele, maelfu, kila mmoja unavutwa kwa vidole hadi uimbe sauti moja na mwenzake. Fundi mkuu aliniuliza nimejifunza wapi kuwa na subira ile. Nilimwambia, kwa kusuka ukili uani kwa jirani. Akadhani namfanyia mzaha.

Ukuta ulipoanguka, ilikuja kamati ya wataalamu kutupima kama ng'ombe wa mnadani. Wakaniuliza nimegundua nini maishani mwangu. Nikawajibu kwamba nimegundua mahali pengi ambapo kitu hakipo. Wengi wetu walipoteza kazi. Mimi nadhani niliwachekesha, wakanipeleka Geneva.

Huko tulikuwa tukitafuta chembe moja ambayo nadharia ilisema huenda ipo. Watu wakiitamani chembe kwa muda mrefu wataiona hata isipokuwepo. Data zikitazamwa mapema, mkono hupinda wenyewe kuifuata tamaa. Ndipo nikawaambia vijana wangu: wekeni kawa. Tuamue kila kitu kwanza, tuandike kabisa ni nini kitatushinda, kisha tufunue. Wataliano, Wajapani, Warusi, wote wakawa wanasema "kawa". Siku ya kufunua tulikuta hakuna kitu. Tukala keki, tukaandika kwamba hakuna.

Sasa Ibra. Nilikuja Muscat kwenye mkutano, na mpokea wageni wa hoteli, ambaye wazazi wake walitoka Unguja, aliijua familia yenu. Nilikuwa na neno la kumwambia Kulthum. Kigunduzi chetu kilikuwa kinakaribia kuteremshwa shimoni, na kila mkuu wa kundi aliruhusiwa mgeni mmoja wa kusimama naye siku hiyo. Mgeni wangu nilitaka awe yeye.

Dereva hakujua Kiswahili wala mimi Kiarabu. Njiani alinifundisha kwa ishara jinsi ya kutikisa kikombe ili wasiendelee kunimiminia kahawa. Niliingizwa katika chumba cha wanawake. Walikuwa wengi, wametulia, nguo za rangi nzito. Kulthum alikaa wima kama malkia. Nikamwuliza, "Habari, Kulthum?" Akasema, "Njema, alhamdulillahi. Hakuna habari." Kahawa ikaja. Nikatikisa kikombe. Niliona mtu asiyepungukiwa na kitu, mwenye nyumba iliyojaa watu, na shimo langu la Geneva likaonekana upuuzi. Nikapayuka habari za mashine zangu, kama afanyavyo mtu mwenye haya, kisha nikasimama. Mwaliko ulirudi nao Ujerumani.

Shahad, maisha yangu yote nimelipwa mshahara kwa kuandika neno "hakuna". Kwetu hilo ni jibu, tena la heshima. Aliposema hakuna habari, nilimwamini.

Umetaka jibu lisilo la adabu, na hili ndilo nililo nalo. Kama nilimkosea, sijui kwa lipi. Ukijua, niambie. Huku kwangu ni njema tu.

Ulrike Behrendt


Ibra, 8 Machi 2024

Bibi Ulrike,

Shikamoo. Utaona nimebadilisha jinsi ya kukuita. Sababu inafuata.

Nilikuwa nimeshatunga hotuba ya kukujibu. Ilihusu wale wanaochimba mita mia chini ya ardhi kutafuta kisichoonekana, wakashindwa kumwona mtu aliyekaa mbele yao. Ilikuwa hotuba nzuri. Niliisema kwa sauti garini, tangu Nizwa hadi tulipopita Mudhaibi, na dereva akaniuliza kama nagombea ubunge wa Majlis ash-Shura. Nimeitupa.

Nilifika nikamkuta Shangazi Badriya jikoni, anachambua mchele. Bibi alikuwa amelala. Nikakaa karibu naye, nikauliza kama ambaye hana haja kubwa ya jibu.

"Ammati, kwa nini Bibi hawataki Wajerumani?"

"Wajerumani? Wana nini Wajerumani? Hamtaki mmoja."

"Kamfanya nini?"

"Chambua mchele, wee. Mikono yako haijui kazi ila kupunga."

Nikachambua. Nikauliza tena. Safari hii hakunikejeli; alitazama mlango wa chumba cha Bibi, kisha akasema polepole:

"Hakusema pole."

Pole ya nini? Ndipo nikaambiwa. Nilijua kwamba baba yangu alikuwa na kaka, Zuhair, mtoto wa kwanza wa Bibi, na kwamba alikufa barabarani kabla mimi sijazaliwa. Sikujua lini. Gari lilimpata kwenye njia panda ya Bidbid, akirudi kutoka kazini Muscat. Wewe ulipobisha hodi, arubaini yake ilikuwa haijatimia. Wale wanawake wengi waliotulia, Bibi Ulrike, walikuwa matangani.

Najua utauliza: kwa nini basi aliniambia njema? Kwa sababu kwetu habari huulizwa mara mbili. Mgeni akiingia huuliza, na jibu la kwanza huwa kheri, hata kama nyumba imeungua, maana si adabu kumpokea mtu kwa kilio kabla hajatulia. Kahawa inazunguka. Mgeni akishatikisa kikombe kuonesha ametosheka, huuliza tena, na hapo ndipo huambiwa. Wewe ulitikisa kikombe, ukaeleza mashine, ukasimama. Shangazi anaapa kwamba Bibi alikuwa ameshafungua mdomo.

Na wao walikuwa na hakika kwamba unajua. Dereva wako alipouliza njia sokoni, muuza duka alimwelekeza "nyumba ya msiba" kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya barabara. Ilisemwa mbele yako! Nani angefikiri kwamba ilisemwa kwa lugha ambayo masikio yako hayana?

Nimezoea kumtafuta mwenye hatia. Ndiyo kazi yangu, na ninaipenda: palipo na dhuluma pana aliyedhulumu, na palipo na aliyedhulumu pana jina lake. Leo nimepekua chumba kile cha mwaka 1997 pembe zote nne na sikumpata mtu. Sijui kuishi na jambo kama hili. Chuoni hawakutufundisha.

Sitamwambia Bibi neno mpaka nipate kitu cha kumpa mkononi. Mwandikie yeye, usiniandikie mimi. Kiswahili anakisoma vizuri kuliko sisi sote, ingawa tangu jirani yetu Bi Mazoon afariki hana wa kuzungumza naye. Sisi tukichoka tunamjibu kwa Kiarabu. Hilo nalo ni letu, si lako.

Shahad


Hamburg, 15 Machi 2024

Umkulthum,

Pole. Pole kwa Zuhair. Pole wewe, pole baba yake, pole ndugu zake, pole wanawake waliokaa nawe siku ile wakaningoja.

Nimeambiwa wiki hii. Sikujua, na sikuuliza. Mengine ya kujieleza Shahad anayo, na ukitaka atakusomea. Sitaki yakae hapa karibu na jina la mwanao.

Nakumbuka ulivyokuwa ukimtunza yule mdogo wako mgonjwa uani, unampepea kwa kawa ileile tuliyoichezea, na ukinikataza nisiseme kitu mpaka alale. Nilijifunza kwako kukaa kimya karibu na mtu. Nadhani siku ile Ibra nilisema maneno mengi kwa sababu nilikuona umekuwa mkubwa na mimi bado nilikuwa yule wa mlango wa nyuma.

Kikombe changu nimeshakitikisa, Kulthum. Nimekaa. Sina pa kwenda.

Habari?

Nami usinihofie, huku kwangu ni njema tu.

Ulrike


Ibra, 20 Aprili 2024

Ulirika, shoga yangu,

Hujambo? Mie sijambo, na hiyo ndiyo habari ya kwanza.

Karatasi yako Shahad kanipa siku ya pili ya Idi. Kumbe aliificha karibu Ramadhani nzima, ati asinivunjie swaumu! Hapa ninapoandika kasimama nyuma yangu anataka kunisahihisha. Nimemwambia, mie nilikuwa naandika Kiswahili na baba yako hajazaliwa, nenda kamwagie maji mitende. Haendi. Huyu mtoto mdomo wake kama redio ya kahawani, lakini ana moyo.

Nilipoisoma sikulia. Nilikwenda jikoni nikachemsha kahawa, nikamwita Badriya na majirani wawili wa zamani waliokuwepo siku ile na bado wapo, nikawakalisha chini. Nikawaambia, Mjerumani kaleta pole. Wakapokea, tukamsomea Zuhair Fatiha. Hapo ndipo nililia, na wao wakalia, na Shahad anatoa macho hajui afanye nini.

Sasa habari ya pili.

Zuhair alikuwa mrefu mpaka akiinama kila mlango, hata usiomgusa. Alikuwa fundi wa umeme. Kafungua kila redio ya nyumba hii na kuifunga, na kila mara skrubu moja inabaki mezani, na redio inasema vilevile. Namwambia, wee, hii ya wapi? Ananambia, "Ya ziada, Mama, waliiweka kwa wasiwasi." Mpaka leo nina kopo lake la skrubu. Wadogo zake alikuwa akiwachezesha mchezo wetu wa kawa, nao wakimwibia, wanachungulia kama ulivyokuwa ukichungulia wewe. Ndiyo, nilikuwa nakuona. Mwizi mkubwa wewe.

Alipata ajali pale Bidbid njia inapoachana, ya Nizwa huku na ya kwetu huku. Ulipokuja, nilikutazama nikasema moyoni, macho ya huyu yamepita pale pale asubuhi hii. Nilitaka kukuuliza umeona nini. Nikangoja uniulize kwanza.

Shahad kanisomea na yale maneno yako ya kujieleza. Nimeyafikiri siku nyingi. Mie nilijikalia miaka yote nasema, Ulirika kajua akanyamaza. Sikusema kwanza ni kitu gani nikikiona nitajua nimekosea. Mchezo niliubuni mie, na sharti nikalivunja mie, mtu mzima! Ungekuwepo ungenicheka.

Na baba yako, Shahad alivyomsema, usiyatie moyoni. Watu walitaka nyumba, akajenga nyumba. Yaliyotupata sisi hayakutoka kwenye saruji yake.

Mtoto nakuletea. Nimemwambia Qais alete hizo karatasi za chuo nimbariki kabla sijabadili rai. Atakuja na kawa mkononi. Usiitundike ukutani kama nilivyofanya mie. Funikia chakula.

Umkulthum


Hamburg, 3 Novemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, chumba changu kina dirisha na baridi imeniheshimu kidogo. Kawa ilisafiri mapajani mwangu. Ofisa wa forodha alitaka kuifunua aone chini mna nini. Nikamwambia aseme kwanza anadhani mna nini. Hakuelewa, akafunua, hamkuwa na kitu. Angalikuwa na Bibi angalishindwa.

Bibi Ulrike alinipokea kituoni mwenyewe. Ni mdogo kuliko nilivyomwona kwenye ule mhadhara, na kichwani alikuwa na kofia ya sufu hadi masikioni. Aliipokea kawa kwa mikono miwili, akaigonga juu mara moja, akatega sikio. Bibi, tulikuwa katikati ya watu na mizigo! Kisha akanisemesha kwa Kiswahili chako, kile cha "nambie" na "hivyo ndivyo", kama mtu aliyekiweka sandukuni akakitoa bila mkunjo.

Nyumbani kwake tulikaa mezani. Nikamwuliza, "Habari, Bibi Ulrike?" Akasema, "Njema tu, mwanangu. Hakuna habari." Akanimiminia kahawa. Chuo, masomo, siasa, haki za wanafunzi wa kigeni, yote hayo yalikuwa mdomoni yakinisukuma. Mimi, Mikrofoni, nilikaa kimya kikombe kizima. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Nikatikisa kikombe, nikauliza tena.

Akavua kofia. Nywele hazikuwepo.

Ana ugonjwa wa damu, Bibi. Ulikwishajulikana kabla hata sijamwandikia barua yangu ya kwanza, ile ya matusi. Matibabu ya kwanza hayakufaulu. Ya pili yanaanza Januari, ni mazito, na atakaa wodini majuma mengi. Hana mume wala mtoto. Marafiki wa kazini wametawanyika duniani. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia. Akasema, "Mlikuwa na msiba. Si adabu kuja matangani na lako."

Amenikataza kukuandikia. Umewahi kuniona nikikatazwa?

Nilikuja huku kutafuta elimu iliyotoka uani kwako, niidai kwa sauti. Nimeikuta jikoni kwa mwanamke mgonjwa, imefunikia mkate. Nifanye nini? Mara hii nauliza kweli, si kwa ufasaha.

Mjukuu wako,
Shahad


Ibra, 17 Novemba 2024

Ulirika,

Usimgombeze Shahad. Kafanya nilivyomlea.

Barua zako nimezitoa zote, ile ya Shahad na ile yangu. Zote mbili zimemalizika na "huku kwangu ni njema tu". Nami nilizisoma, nikafurahi, nikakuelezea ya kwangu kurasa nzima, nikafunga bahasha. Mie niliyekununia miaka ishirini na saba kwa kutouliza mara ya pili!

Tusidaiane. Sikiliza.

Qais kaniombea viza, anasema itatoka kabla ya mwezi wa kwanza. Badriya analia ati baridi itaniua. Nimemwambia nimetoka Unguja na kanga mbili nikafika hapa, sitashindwa na theluji. Kopo la skrubu nakuja nalo, uzione. Tende ninakuletea za shamba letu, na kahawa yangu mwenyewe, hiyo yenu Shahad kanambia ni maji ya mvua.

Sikuulizi habari katika barua hii. Nikifika nitakuuliza, nawe utasema njema, nami nitaitikia alhamdulillahi. Tutakunywa kahawa. Kikombe changu nitakitikisa taratibu, sina haraka ya kuondoka.

Halafu nitakuuliza tena.

Kulthum wa uani